Tusiiite endoskopi "kipimo" tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nitoe maoni yangu kuhusu makala ya maradhi ya tumbo iliyochapishwa katika gazeti lako wiki iliyopita. Makala ilikuwa nzuri, na dalili za vidonda vya tumbo zilielezwa kwa ufasaha. Ila mwandishi aliitaja endoskopi, yaani kuingiza mpira mwembamba wa kutazamia ndani ya mwili kwa mdomo au kwa njia ya haja kubwa, mara tatu, na mara zote tatu aliiita "kipimo cha kumeza mpira". Mimi ni muuguzi ambaye kwa miaka mingi nimesimama kando ya kitanda wakati mgonjwa akiingizwa mpira huo, na neno hilo "kipimo" linanisumbua kwa sababu nimeyaona madhara yake.

Zamani lilikuwa neno sahihi. Daktari Mjerumani Adolf Kussmaul alipotaka kulitazama tumbo la mtu aliye hai, mwaka 1868, ilimbidi amtafute mtu wa maonyesho aliyezoea kumeza upanga, kwa kuwa bomba lake lilikuwa gumu na lisilopinda. Basil Hirschowitz alipopata mpira unaopinda wenye nyuzi za kioo, mwaka 1957, akaumeza mwenyewe kabla ya kumwingizia mgonjwa (sijui ni wangapi kati yetu tungethubutu), shabaha bado ilikuwa kuona. Mambo yaligeuka mwaka 1969, pale Hiromi Shinya na William Wolff walipoanza, huko New York, kupitisha kitanzi cha waya ndani ya mpira na kukata vinyama vinavyoota ndani ya utumbo mpana bila kupasua tumbo. Miaka mitano baadaye madaktari wa Ujerumani na wa Japani walipanua kwa njia hiyohiyo mlango wa mrija wa nyongo, na mawe yaliyouziba yakaweza kutolewa bila kisu kugusa ngozi.

Tangu hapo mpira ule umekuwa chombo cha tiba. Chukua mgonjwa anayetapika damu kwa sababu ini lake limeshupaa na mishipa ya umio imevimba. Daktari husogeza ncha ya mpira, yenye kofia ndogo inayopitisha mwanga, hadi juu ya mshipa. Huuvuta mshipa uingie ndani ya kofia, kisha huzungusha kitasa kilicho karibu na mkono wake, na pete ndogo ya mpira huchomoka na kuukaba mshipa shingoni kama mdomo wa mfuko uliofungwa kwa uzi. Siku chache baadaye kilichokabwa hukauka na kudondoka. Nikitoka nje, ndugu wa mgonjwa huniuliza upasuaji utafanyika lini, na wengi hawaniamini ninapowaambia kwamba damu imekwisha kuzuiwa.

Vinyama vya utumbo mpana ndivyo vinavyonifanya niandike barua hii. Saratani nyingi za utumbo mpana huanza kama kinyama kidogo kisichouma, ambacho kwa kawaida huchukua miaka mingi, aghalabu kumi au zaidi, kabla ya kugeuka. Daktari akikikuta hudunga maji chini yake, kikainuka kama lengelenge, kisha hukizungushia kitanzi na kukikata; kwa vile vipana vilivyolala, Wajapani wametufundisha kubandua tabaka lote la juu kwa kisu kidogo sana, kazi inayoweza kuchukua saa kadhaa. Kwa maneno mengine, mtu huingia akiwa na kitu ambacho kingeweza kuwa saratani, akatoka hana. Hicho ni kipimo gani?

Siku moja alikuja mzee ambaye alikwisha kunywa dawa ya kusafisha utumbo usiku kucha, kazi ambayo kila aliyeifanya anaikumbuka. Tukaona kinyama cha sentimita mbili hivi. Daktari alipokuwa akijiandaa kukikata, niliifungua upya fomu ya mzee na kukuta nafasi ya dawa imeachwa wazi. Nilipomuuliza, akasema kwamba kila siku humeza dawa ya kuzuia damu isigande, na kwamba hakuitaja kwa kuwa alidhani tunaangalia tu. Kinyama kiliachwa palepale. Ilibidi apangiwe siku nyingine, daktari wake wa moyo aulizwe kuhusu dawa zile, na usiku ule wa kusafisha utumbo urudiwe wote. Wapo pia wanaokuja wamepata kifungua kinywa, na wanaokuja peke yao bila wa kuwarudisha nyumbani baada ya dawa ya usingizi, kwa sababu mtu anayekwenda kupimwa hajiandai kama anayekwenda kutibiwa.

Sidai kwamba njia hii haina hatari. Utumbo unaweza kutoboka, mahali palipokatwa panaweza kutoa damu siku kadhaa baadaye, na matibabu ya mrija wa nyongo huweza kulivimbisha kongosho. Hayo nayo ni mambo ya tiba, na mgonjwa ana haki ya kuelezwa kabla hajatia saini. Wala si kila kitu kinachoitwa endoskopi hutibu: ile kapsuli yenye kamera, inayomezwa kama kidonge na ambayo Marekani iliiidhinisha mwaka 2001, huonyesha vizuri utumbo mwembamba lakini haina mkono wa kufanyia lolote. Hiyo, Mhariri, iite kipimo nami sitakuandikia. Vivyo hivyo programu za kompyuta zinazochora kisanduku kwenye skrini kila kinapotokea kitu kinachofanana na kinyama: zinasaidia jicho lililochoka, ila haziwezi kuona nyuma ya mkunjo ambao daktari hakuufungua, wala chini ya uchafu ambao mgonjwa hakuusafisha.

Ombi langu ni dogo. Gazeti lako likiandika tena kuhusu endoskopi, liandike "uchunguzi na tiba kwa endoskopi", hata kama maneno yanaongezeka, na katika aya hiyohiyo limwambie msomaji ataje dawa zote anazotumia, hasa za kuzuia damu kuganda, siku anapopangiwa miadi na si akiwa amekwisha kulala ubavu wa kushoto.

Wako,
Muuguzi wa chumba cha endoskopi