Nishone kwa mwili au kwa picha?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni fundi cherehani, mwaka wa 17 huu nashonea wanawake. Miezi mitatu iliyopita alinijia bibi harusi mtarajiwa na picha ya gauni kwenye simu. Nikampima kiuno: sentimita 82. Akasema, "Andika 68, fundi. Siku ya harusi nitakuwa nimefika."

Nikaandika. Hilo ni kosa la kwanza. La pili linanikosesha usingizi: aliporudi kujaribisha akiwa na 76, nilimpigia makofi mbele ya wateja. "Umepungua, umependeza!" Kwetu mafundi hiyo ni kama salamu, inatoka kabla hujafikiri.

Juzi amekuja ana 71. Nikiwa nimepiga magoti kupima pindo, akayumba, akashikilia meza ya cherehani. Nikamkalisha, nikampa maji. Ndipo akaninong'oneza kwamba hedhi haijaonekana miezi mitatu, "na si mimba, usinitazame hivyo." Nikamsihi aende hospitali. Akanionyesha chati: uzito wake kwa urefu wake unampa 19, na kawaida inaanzia 18.5, kwa hiyo yuko salama! Mdogo wangu ni muuguzi. Nilipomsimulia, bila kutaja jina, aling'aka. Kumbe hesabu hiyo iliasisiwa miaka ya 1830 na Mbelgiji Quetelet, mtu wa hisabati na nyota wala si daktari, aliyekuwa akitafuta wastani wa watu wengi. Hedhi ikikatika kwa kujinyima, alisema, mtu anahitaji daktari hata kama chati inamsifu.

Ile picha nayo nilijaribu kuisema. Nikamwambia Ufaransa tangu 2017 tangazo likitumia picha ya mwanamitindo aliyepunguzwa au kunenepeshwa umbo kwa kompyuta, lazima liandikwe hivyo. Akacheka: "Hii haijaandikwa kitu, basi ni mwili wa kweli." Nikakosa jibu.

Harusi imebaki wiki tano. Kwa siri nimeacha akiba nene ya kitambaa kwenye mishono ya ubavuni, na nataka kuondoa zipu ya mgongoni niweke vitanzi na kamba, gauni limkae akiwa na 71 au 80. Hiyo kwangu ni kazi ya jioni moja. Kinachonishinda ni mdomo. Mama yake ndiye mlipaji, na anashangilia kila kilo inayotoka. Nikimwambia, nitakuwa nimetoa siri ya mteja, mtu mzima wa miaka 27. Nikimbana binti mwenyewe, atahamishia kitambaa kwa fundi mwingine atakayekata 68 bila kuuliza.

Nianze na nani, Shangazi? Na zile sifa nilizomwaga nitazirudishaje bila yeye kusikia kwamba sasa namwona mbaya? Jumamosi anakuja kujaribisha.

Ni mimi,
Fundi wa Pindo