Kabla Hujalipeleka Jiwe kwa Fundi

Mdogo wangu,

Shangazi kanitumia picha ya karatasi uliyompa fundi wa marumaru. Nakuomba umsimamishe kabla hajashika patasi. Ubeti uliouchagua kumwekea Baba Mkubwa kwenye jiwe la kaburi ndio dhaifu kuliko zote ishirini na mbili za shairi lako la maombolezo, na marumaru haina kitufe cha kufuta.

Wewe unaujua, lakini nauandika hapa ili tusibishane juu ya neno:

Kifo hakina hiari
Chachukua matajiri
Na wasio na dinari
Sote twaenda shimoni

Mizani zimetimia, silabi nane kila mshororo. Vina vitatu vya -ri vimekaa, kituo cha -ni, mshororo wa mwisho, kinafuata beti zilizotangulia. Kwa hilo sina neno, mkono wako ni mzuri na nilikuambia hivyo tangu ulipokuwa ukitunga mashairi ya kuwatania walimu. Ila ndani ya ubeti huu hamna kitu cha kushika. Tajiri yupi? Dinari za nani? Dinari imeingia kwa sababu kina kiliidai, si kwa sababu marehemu aliwahi kuihesabu hata moja. Ukiubandika kwenye kaburi la mtu mwingine yeyote hakuna atakayegundua. Najua utasema ndiyo maana yenyewe, kifo ni cha kila mtu. Hiyo ni maana ya hotuba, na imamu alishaitoa pale makaburini, tena kwa maneno machache kuliko yako. Hata "sanda haina mfuko" uliyoiweka ubeti wa kumi na nane tumeisikia mpaka haitushtui tena.

Fungua Al-Inkishafi, shairi la kale la Kiswahili, uone kazi inavyofanywa. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, kisiwa cha pwani ya Kenya, inakadiriwa mwanzoni mwa karne ya 19, alikuwa na habari ile ile uliyokuwa nayo: wakubwa wamekufa. Mishororo yake ni mirefu kuliko yako, hesabu mwenyewe: sita, pumzi kidogo, kisha tano. Vina vitatu vinashikana na wa nne unashuka kwenye -ye, ubeti baada ya ubeti, mpaka ile -ye inakuwa kama nyundo. Lakini siri haiko kwenye mizani. Siri ni kwamba anatujengea nyumba kwanza. Taa za kowa (kioo) na za shaba zinazofanya usiku uwe kama mchana. Sini, yaani vyombo vya kaure, za kuteua zimepangwa, vikombe vimenakishiwa. Vitanda vya magodoro, mito huku na huku, wakandaji na wapepezi, waimbaji wanaobembeleza mtu mpaka alale. Anakaa humo beti kadhaa bila haraka. Halafu:

Nyumba zao mbake ziwele tame
makinda ya popo iyu wengeme

Nyumba ni zile zile, sasa zimehamwa na vitoto vya popo vinaning'inia juu. Angalia asichokifanya: hakuleta kitu kipya cha kutuambia kuwa mambo yamegeuka. Anarudi kwa kilekile alichokwisha tuonyesha. Madaka ya ukutani yaliyokuwa ya sahani, sasa wamelala humo makinda ya ndege. Kumbi zilizovuma sauti za watu, sasa zinavuma mende na kulia nyenje. Kila kilichopanda kinashuka mahali kilipopandia, na msomaji ndiye anayepiga hesabu. Hapo ndipo usawa unapoingia, bila kutajwa.

Wewe ulipandisha vitu vingine na kushusha vingine. Beti kumi na moja za mwanzo zina malori, maduka, mapaa ya mabati mapya, safari mbili za hija. Kisha beti za kifo zina shimo, giza, funza. Malori yamekwenda wapi? Duka lina kufuli ya nani? Msikilizaji amebaki na orodha mbili zisizojuana, ya kwanza inasikika kama majigambo ya familia na ya pili kama vitisho. Hilo ndilo nililokuandikia pembeni kwa kalamu nyekundu, nikakuomba upunguze zile kumi na moja zibaki tano, na zile tano zirudi moja moja upande wa pili. Ukaenda kumwambia Shangazi kuwa nina wivu kwa sababu ya shamba. Shamba lile niliridhia mgao wake mbele ya kadhi na sahihi yangu ipo. Kalamu nyekundu ilikuwa ya shairi.

Na kuna hili la kushuka kwa daraja. Sayyid Abdalla haishii kwa wenye mali. Anasema kulikuwa na mabwana na mawaziri waliokwenda na makundi ya askari, "pingu za mauti ziwafundiye", yaani zimewafunga. Wanafuata makadhi, watu wa vitabu waliohukumu kwa haki, nao wameitwa na wameitikia. Anauliza wako wapi watukufu wa Pate. Tena anafanya jambo ambalo wewe hukuthubutu: anawataja jamaa zake kwa majina, Ali bin Nasiri na shemeji yake Abubakari. Na tangu mwanzo anayehojiwa ni moyo wake mwenyewe, "moyo wangu". Hakupanda mimbari. Katika beti zako zote ishirini na mbili hujajitaja popote kuwa nawe utakufa. "Sote" ya mshororo wa mwisho haitoshi, ni sote ya mtu aliyesimama na kipaza sauti.

Ambalo linanirudisha kwenye siku ya arobaini, na hili silisemi ili wageni wacheke. Ulifika ubeti huu huu. Ukasoma "Na wasio na dinari", koo likakukauka, ukampigia vidole yule mama aliyemuuguza Baba Mkubwa miaka yote ile, aliyemgeuza kitandani na kumlisha uji kwa kijiko. Akaacha masufuria uani, akaja amefuta mikono kwenye kanga, akakupa maji. Ukanywa, ukamrudishia bilauri bila kumtazama, ukamalizia: "Sote twaenda shimoni." Watu wakasema amina. Mimi sikusema, na ndiyo sababu niliondoka kabla ya biriani, wala si yale waliyokuambia.

Siwezi kukusamehe kirahisi, lakini nitakuwa mwadilifu: hata Al-Inkishafi ina ufa hapo hapo. Wale wakandaji na wapepezi wanaonekana mara moja tu, kama sehemu ya samani, sawa na mito na taa. Mabwana tunaambiwa wamelala wapi na mdudu gani anawala. Wapepezi hatuambiwi. Usawa wa shairi lile ni wa ngazi ya kushukia peke yake, aliyekuwa chini tangu mwanzo hana pa kushuka na kwa hiyo hana ubeti. Na ukifika kaburini usawa wenyewe haudumu, maana zinafuata habari za moto, na huko watu wanatengwa upya kwa matendo. Ni usawa wa udongoni, basi.

Ukitaka kuona mlango wa upande wa pili, mtazame Thomas Gray wa Uingereza na shairi lake la makaburi ya kijijini, lililochapishwa mwaka 1751. Beti thelathini na mbili za mishororo minne, mizani kumi kila mshororo. Yeye anaanza na wakulima ambao hakuna anayewajua, akiwaonya wakubwa wasiyacheke maisha yao, kwa kuwa njia za utukufu nazo zinaishia kaburini. Lakini ana ukali zaidi ya huo. Anasema huenda hapo amelala mtu ambaye angekuwa mshairi Milton kama angesoma, au mtawala Cromwell asiye na damu mikononi, ila ufukara uliwafungia njia, wasiifikie sifa wala uovu mkubwa. Yaani kifo kimewasawazisha watu ambao uhai ulikataa kuwasawazisha, na kimechelewa. Shairi linaloacha hilo nje linawafariji matajiri tu: msijali mlivyonavyo, mwisho tutakuwa sawa. Maskini hakuuliza habari za mwisho. Na Gray anajiingiza pia, beti tatu za kufunga ni maandishi ya kaburi la mtunzi mwenyewe.

Tena yeye anauliza kama sanamu na maandishi ya fahari juu ya kaburi vinaweza kuirudisha pumzi mwilini. Wewe unataka kumjengea Baba Mkubwa marumaru yenye maneno kwamba tajiri na maskini ni sawa, na pembeni yake pana makaburi ya vijiti viwili. Nenda Kunduchi, Dar es Salaam, au Mambrui, karibu na Malindi, uzione nguzo za makaburi ya zamani. Zilipachikwa bakuli za kaure ili ijulikane nani amelala pale. Bakuli nyingi zimebanduliwa, yamebaki matundu ya mviringo, na jina la mwenye nguzo mara nyingi hakuna wa kukutajia. Maneno yako yakikaa juu ya jiwe la bei ile, jiwe litayabisha.

Vitu vya usawa vilikuwepo siku ile ya mazishi, vyote umeviacha. Vitambaa vitatu vyeupe, kama vya mwanamume mwingine yeyote. Mwanandani uliochimbwa kumwelekeza kibla. Mateko matatu ya mchanga kutoka kwa kila mkono, na mkono wa mchukuzi wa bandarini ulitangulia mkono wa diwani kwa sababu alikuwa karibu. Na jeneza la msikiti! Hakuzikwa nalo. Lilirudi likaegemezwa ukutani, na wiki ile ile likambeba muuza maji. Mbao zile zile. Ungekuwa na beti nne hapo bila kutaja neno kifo.

Sasa uniache nikusifu, maana unao ubeti mmoja ambao ningejivunia kama ni wangu, nao ni wa nne:

Miwani kafunga uzi
Mkono haushikizi
Mwenyewe hana maozi
Ingali mle chumbani

Kila mtu nyumbani anaijua miwani ile. Mtu wa malori saba, na mkono wa miwani umefungwa kwa uzi wa kushonea magunia. Humo mna utajiri wake, ubahili wake, uzee wake na kifo chake, na hukumhubiria mtu. "Maozi" ni neno la zamani lakini halikulazimishwa na kina, linasikika kama limekuja lenyewe. Ulipousoma, ukumbi ulinyamaza. Ulipousoma ule wa jiwe, watu waliitikia amina, na mtunzi anayejua kazi anajua kipi ni bora.

Kwa hiyo fanya hivi. Jiwe liwe na jina, jina la baba yake, tarehe, na dua fupi. Ubeti wa miwani uuache kwenye shairi, usiuchonge, jiwe halihitaji. Katika shairi lenyewe toa wa tano mpaka wa kumi, ni malori matupu. Duka ulirudishe mwishoni na kufuli yake. "Kwa yakini" na "bila shaka" zilizojaza mizani kwenye ubeti wa kumi na mbili na kumi na tano zifute, sikio linazitambua kuwa ni vijazo. Ukisoma, pumzika mwisho wa kila mshororo hata kama sentensi inaendelea, siku ile ulikuwa unakimbia. Ubeti wa dinari uutoe kabisa, na mahali pake mtie yule mama. Usimwite "mtumishi" wala "msaidizi". Muulize jina lake kamili wewe mwenyewe, usimtume mtoto. Mimi ninalijua, lina mizani nne na linaishia na -ni, kwa hiyo linakaa kwenye kituo bila kubadilisha herufi.