Barua kwa Mwanangu Kuhusu Kudurusu Hisabati

Kisumu,
Jumapili jioni.

Mwanangu mpendwa,

Natumai barua hii itakufikia ukiwa mzima wa afya. Sisi huku hatujambo. Nyanya yako anakusalimu sana na kila siku anauliza zimebaki wiki ngapi kabla ya mtihani wako wa mwisho. Tangu uliporudi shuleni baada ya likizo fupi nimekuwa nikiifikiria karatasi yako ya mtihani wa majaribio, ile uliyoiacha juu ya meza, nikaona heri nikuandikie kwa utulivu kuliko kukushauri haraka haraka kwa simu, wenzako wakiwa wamepanga foleni nyuma yako.

Ulipokuwa nyumbani nililipitia daftari lako la Hisabati. Ni safi, mifano yote ya mwalimu umeinakili, na uliniambia kwamba umelisoma lote mara tatu. Nakuamini. Hata hivyo, Hisabati haisomwi kama hadithi. Ukifuata kwa macho hatua ambazo mtu mwingine amekwisha kuziandika, kila hatua huonekana dhahiri, nawe hudhani unaijua, kumbe unaitambua tu. Mimi nilidanganyika hivyo hivyo nilipokuwa Kidato cha Nne. Nilikesha nikisoma mifano ya vekta, na swali lilipokuja nikaukumbuka hata ukurasa wenyewe na mchoro uliokuwa pembeni, lakini sikujua mstari wa kwanza uandikweje. Kwa hiyo nakuomba usome mfano mara moja, ufunge kitabu, kisha uufanye upya kwenye karatasi tupu hadi jibu. Ukikwama, usikimbilie kitabu. Hangaika nao dakika tano au kumi, halafu fungua uangalie ile hatua moja tu iliyokushinda, ufunge tena.

Sasa nije kwenye lile swali la longitudo na latitudo, kwa maana ndilo lililonifanya nishike kalamu. Ulitakiwa kutafuta umbali kati ya miji miwili iliyo kwenye latitudo ya nyuzi 60 Kaskazini, mmoja ukiwa kwenye longitudo ya nyuzi 15 Mashariki na mwingine nyuzi 35 Mashariki, ukipimwa kwa kufuata latitudo hiyo. Ulitoa vizuri ukapata 20, ukazidisha kwa 60, ukaandika maili 1,200 za baharini. Jibu ni 600. Kando yake umeandika kwa penseli, "Haraka tu." Hapo, mwanangu, sikubaliani nawe. Chukua chungwa ulisimamishe mahali kikonyo kilipokuwa pakitazama juu, kisha ulikate vipande vya mviringo kuanzia katikati kwenda juu. Kipande cha katikati ndicho kikubwa kuliko vyote, na hiyo ndiyo Ikweta, ule mstari unaopita hapa kwetu Maseno kwenye barabara ya kwenda Busia. Hapo nyuzi moja ya longitudo ina urefu wa maili 60 za baharini. Kadiri unavyopanda, vipande vinapungua kwa kosini ya latitudo, na kwa kuwa kosini ya nyuzi 60 ni nusu, duara la huko ni nusu ya duara la Ikweta. Mtu aliyeliona chungwa hilo akilini hawezi kuandika 1,200 bila kushtuka. Wewe ulikuwa umeikariri kanuni bila picha yake, na kosa la namna hiyo haliponi kwa kujiambia kwamba utakuwa mwangalifu zaidi.

Ndiyo maana nataka uwe na daftari la makosa. Kila unaposahihisha karatasi, andika humo swali ulilokosa, mstari ambao ulianza kupotea, na sababu yake kwa sentensi moja ya kweli. Lijaribu tena baada ya siku tatu bila kutazama jibu, kisha baada ya wiki, kisha baada ya wiki tatu. Mjerumani mmoja aitwaye Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka wa 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akaonyesha jinsi tunavyosahau upesi tuliyojifunza, na kwamba marudio yaliyoachanishwa kwa siku hufaa kuliko yaliyorundikwa pamoja. Saa moja kila jioni ya prepu itakufaa kuliko Jumamosi nzima.

Tena usidurusu mada moja wiki nzima, logi leo, kesho logi, keshokutwa logi. Katika mtihani swali halikutangazii mada yake, na kazi ya kwanza ni kutambua linataka njia gani. Changanya maswali kutoka karatasi za miaka iliyopita ili uzoee kazi hiyo.

Kuhusu muda, unajua kwamba kila karatasi ni ya saa mbili na nusu na ina alama 100, yaani dakika moja na nusu kwa kila alama. Sehemu ya kwanza, yenye maswali 16 ya lazima na alama 50, isikule zaidi ya dakika 75. Katika ya pili unachagua matano kati ya manane, dakika 15 kila moja. Kuanzia wiki hii fanya angalau karatasi moja nzima kila wiki ukiwa na saa mbele yako, bila kusimama. Kisha isahihishe kwa mwongozo wa kusahihishia, usijionee huruma. Utaona humo kwamba alama za njia na alama za usahihi hutolewa mbalimbali, kwa hiyo andika kila hatua hata kama kikokotoo kimekupa jibu. Nacho kikokotoo hakikisha kimewekwa kwenye nyuzi kabla hujagusa trigonometria.

Nimemwomba mjomba wako, anayepita huko Ijumaa, akuletee madaftari mawili ya mraba, betri za kikokotoo na machungwa sita. Matano ni ya kula. Siku ya wazazi nitakapokuja, nionyeshe daftari la makosa, na nitakupa swali la latitudo ulifanye nikiwa nimeketi kando yako.

Ni mimi mama yako akupendaye.