Mawakili chipukizi wasikimbie kesi za maamuzi ya ofisi za umma

Mhariri,

Mawakili wengi wanaoanza kazi hapa Mombasa huvutiwa na kesi za ajali za barabarani na mikataba ya mashamba. Kesi za kupinga maamuzi ya ofisi za umma zinaachiwa wachache, ilhali mji wetu una bandari, ushuru wa forodha, leseni za kaunti na migogoro ya ardhi isiyokwisha.

Sheria ipo. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutendewa uadilifu na ofisi hizo, na sheria ya 2015 ikafafanua: apewe notisi, asikizwe, aelezwe sababu kwa maandishi. Kinachoangusha kesi ni siku.

Mwenye duka Kongowea akinyimwa leseni huzungushwa na "njoo kesho" mpaka miezi ikapita. Kuomba uamuzi ubatilishwe chini ya Agizo la 53 la kanuni za kesi za madai, ruhusa ya Mahakama Kuu ya kufungua ombi hilo huombwa ndani ya miezi 6. Ikishatolewa, ombi lenyewe hufunguliwa ndani ya siku 21. Pingamizi la kodi lina siku 30 tu. Kuidai serikali fidia ya madhara ni miezi 12, ilhali mtu binafsi aliyekudhuru una miaka 3 ya kumshtaki. Tofauti hiyo imewaponza wengi.

Ndiyo maana wakili stadi huomba karatasi kwanza: barua ya uamuzi, tarehe iliyoandikwa na tarehe mteja alipoipokea. Kisha huuliza iwapo kuna ngazi ya rufaa kwenye ofisi yenyewe au kwenye jopo maalumu. Ukiiruka bila kuiomba mahakama ikuondolee sharti hilo, kesi hutupwa hata kabla ya hoja zako kusikizwa.

Makosa mengine ni ya uandishi. Ombi la ruhusa huandamana na taarifa na hati ya kiapo. Taarifa hubeba jina la mwombaji, amri anazotaka na misingi yake. Matukio na ushahidi hukaa kwenye kiapo. Anayejaza matukio kwenye taarifa, kisha akaapa kwa mistari miwili kwamba "yote ni kweli", hana ushahidi mbele ya jaji. Tena kupata ruhusa hakusimamishi uamuzi unaopingwa, kwa mfano wa bomoabomoa. Amri ya kusimamisha huombwa waziwazi, nayo itajwe kwenye uamuzi wa jaji.

Mteja naye aambiwe mapema kwamba jaji hukagua njia iliyofuatwa. Aghalabu hatoi leseni. Huirudisha ofisi ikaamue upya kwa haki.

Haya hayaivi darasani. Twawaomba mawakili wakongwe wenye wanagenzi wawape nafasi, katika miezi yao 6 ya mafunzo kazini, ya kuandika angalau ombi moja kama hili tangu mwanzo hadi mwisho. Nanyi wasomaji, barua ya ofisi ikiwafikia, andikeni pembeni siku mliyoipokea, na bahasha msiitupe.

Mawakili wawili,
Mombasa