Karatasi za talaka haziachwi mezani

Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana nimechoka kusikia watu wakishauriana eti kesi ya talaka ukishafungua wewe mpe tu mwenzio karatasi zake mkononi, akipokea imeisha. Jamani haijaisha, mimi yalinikuta.

Siku niliyofungua kesi nilitoka masijala na nakala yenye muhuri, nikafika nyumbani nikaiweka mezani, nikaiwekea kikombe juu isipeperuke, nikapiga picha kwa simu. Picha ninayo mpaka leo, tarehe na saa vinaonekana kabisa. Siku ya kusikilizwa mwenzangu hakutokea, nikajua sasa mambo yamenyooka, nikamwonyesha hakimu ile simu. Akaniuliza kitu kimoja tu, nani alimkabidhi? Nikasema mimi. Hapo hapo tukarudishwa mwanzo, samansi ikatolewa upya na miezi mitano ikaenda hivi hivi.

Nilikasirika sana, ila baadae nikaelewa. Mahakama haiwezi kumwamulia mtu mambo ya ndoa yake, watoto wake na mali yake bila kuwa na uhakika kwamba ameambiwa, na neno langu mimi ninayetaka talaka halitoshi kwa sababu nina maslahi. Ndo maana sehemu nyingi mwenye kesi haruhusiwi kupeleka mwenyewe. Kwa mfano kule California anatakiwa mtu wa miaka 18 na kuendelea asiyehusika na kesi, na Uingereza mara nyingi mahakama yenyewe ndo inatuma. Kwa hiyo kabla hujashika bahasha nenda kwa karani uulize, hapa nani anaruhusiwa kupeleka, na nirudishe nini kama ushahidi?

Huo ushahidi ndo roho ya kila kitu. Aliyepeleka anaandika kiapo: alimkuta nani, wapi, siku gani saa ngapi, amemkabidhi karatasi zipi, na alijuaje kwamba ndiye (mpe picha yake, usimwachie abahatishe). Tarehe hiyo sio urembo maana siku za kujibu zinahesabiwa kuanzia pale, California ni siku 30, Uingereza 14, kwenu inaweza kuwa nyingine. Na mwenzio akigoma kusaini usipaniki, mahakama nyingi zinakubali mpelekaji aziweke mbele yake kisha aandike kwenye kiapo kwamba amegoma, kukataa kushika kalamu hakuzuii kesi kwenda mbele.

Kama hajulikani alipo usidanganye, na usiandike anwani ya zamani huku unajua alishahama. Mtafute kweli, waulize ndugu zake, andika kila ulipojaribu, halafu omba ruhusa ya mahakama utumie njia nyingine, iwe kubandika mlangoni, baruapepe au tangazo gazetini. Mwaka 2015 mahakama ya New York iliruhusu mke amfikishie mumewe karatasi kwa Facebook kwa sababu hakuwa na anwani yake, ila alitakiwa kwanza athibitishe kwamba akaunti ni ya mumewe kweli, na wakili wake ndo aliyeagizwa kutuma ule ujumbe, mara moja kila wiki kwa wiki tatu. Ruhusa inatangulia, sio unatuma WhatsApp usiku halafu asubuhi unasema nimeshampa. Akiwa nchi nyingine ndo kabisa, kuna mkataba wa The Hague wa 1965 ambapo karatasi zinapitia mamlaka maalum ya nchi aliyopo, na nchi kama Ujerumani zimekataa kabisa kupelekewa watu wake kwa posta tu.

Na kitu kimoja kinaniuma mno. Usimpe mtoto abebe. Nilishuhudia binti wa kama miaka kumi anaingia na bahasha ya kaki ameikumbatia kifuani kwa mikono yote miwili, anasema baba, mama kasema usaini hapa, na baba mtu akaanza kutetemeka mbele yake. Mtoto hakujua amebeba nini, siku moja atajua. Kama nyumbani kuna kipigo basi usiwepo kabisa siku hiyo, panga pa kulala kwanza ndo karatasi ziende.

Watu wanaona haya yote ni usumbufu. Lakini talaka iliyotoka bila mwenzio kupelekewa ipasavyo inaweza kutenguliwa hata baada ya miaka, na pengine wewe umeshaoa au kuolewa tena.

Mwisho mhariri ombi langu ni kwako, yale matangazo ya mahakama mnayoyabana kurasa za nyuma kwa herufi za kupekulia na tochi, yapeni ukurasa wake na majina yasomeke. Kuna mtu pale anatafutwa aje ajitetee.

Msomaji wenu