Pawa stelingi inalia au inavuja? Usikimbilie pampu

Wenye magari ya zamani hapa Tanga, hasa Mercedes W123 na Land Cruiser za miaka ya 80, hufika gereji wakiulizia pampu nyingine. Mara nyingi iliyopo ni nzima. Fungua kwanza kopo la haidroliki, linalotunza mafuta ya pawa stelingi, injini ikiwa imewashwa, utazame mafuta yenyewe.

Yakiwa yamepauka na kujaa povu, kuna hewa inaingia. Hapo ndipo mafundi wengi wanapopotea, kwa sababu panapoingia hewa huenda pasidondoshe hata tone. Mpira unaotoka kwenye kopo kwenda kwenye pampu ni wa kuvuta: ukikakamaa au klipu ikilegea, hewa hunyonywa ndani na pampu hunguruma, sauti ikipanda kila unapoongeza resi. Badilisha mpira huo na klipu zake kabla ya kitu kingine. Kwenye W123 kopo limefungwa juu ya pampu, kwa hiyo kagua oringi (pete za mpira za kuziba) zilizo katikati yake na sili ya shafti ya pampu. Ndani ya kopo hilo mna filta ndogo ambayo mara nyingi husahaulika. Ibadilishe pamoja na mafuta.

Mlio mkali unaotoka ukikata usukani hadi mwisho ni wa mkanda. Zima injini, uubonyeze kwa dole gumba katikati. Ukizama zaidi ya milimita 10 hivi, ukaze, na ukiwa umeng'aa pembeni, uutupe.

Kuhusu kuvuja, usiamini tone lililo chini, kwa kuwa mafuta hutambaa na upepo huyasukuma nyuma. Injini ikiwa baridi, osha maungio yote kwa mafuta ya taa, kausha kabisa, kisha nyunyiza poda ya mtoto. Washa, mwenzako akate usukani polepole kushoto na kulia, asiushikilie mwisho zaidi ya sekunde 5, maana hapo presha iko juu kabisa na mafuta huchemka haraka. Poda italowa pale pale panapovuja. Usipapase bomba kwa mkono: mafuta ya presha yanatoboa ngozi. Pitisha kipande cha boksi.

Mafuta yaliyorushwa nyuma ya puli yanaonyesha sili ya shafti ya pampu. Yakitoka chini ya stelingi boksi, yaani boksi la gia za usukani, tikisa shafti yake kwanza; ikiwa inacheza, sili mpya itavuja tena baada ya muda mfupi. Magari yanayolala Raskazone, kando ya bahari, huliwa na chumvi kwenye mabomba ya chuma, hasa chini ya vishikizo. Mpira wa presha, unaotoka kwenye pampu kwenda stelingi boksi, haufungwi kwa klipu ya kukaza, hata kwa muda. Hubanwa kwa mashine.

Jaza aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Mafuta ya breki huharibu sili, na dawa za kuziba mvujo hulainisha mpira hadi uoze.

Ukimaliza, nyanyua matairi ya mbele, injini ikiwa imezimwa, zungusha usukani mwisho hadi mwisho mara 15 huku ukiongeza mafuta. Ndipo uwashe na kurudia taratibu mpaka povu liishe.

Ukileta gari kwetu, usilioshe chini, na utuambie unaongeza kiasi gani. Kama ni nusu lita kwa siku, usiliendeshe, piga simu tulifuate.