Dafroza, kitabu kimefika

Nyegezi, Mwanza
Jumapili mchana

Dafroza mwenzangu,

Salamu zile za shuleni, mimi mzima hofu na mashaka ni kwako, naomba tuzipitishe haraka. Umeme upo sasa hivi, na wewe umekaa huku unajua: ukiwepo unafanya kazi kwanza, habari za afya zinafuata. Watoto hawajambo. Mama anakusalimu, anauliza kama umenenepa au bado unatutia aibu. Sospeter alinikabidhi mzigo pale stendi, kitabu kikiwa kimeviringishwa kwenye ile kanga yako ya bluu. Kanga sirudishi.

Najua nimekaa kimya mno. Sababu unazo, maana Shija hajui kufunga mdomo, kwa hiyo tusizirudie. Leo nashukuru na naomba. Ombi liko chini huko, usiruke.

Jamani, kitabu ni kinene! Nilitegemea kitabu cha kujifunzia, kumbe ni cha marejeo: kila amri ya kuchorea grafu kwenye R, ile programu ya takwimu ya kompyuta, imepewa kurasa zake, vigezo vyake vyote, na mfano wa mistari mitatu minne chini. Kukisoma kuanzia mwanzo ni sawa na kujifunza Kisukuma kwa kamusi. Utajua ng'ombe anaitwaje, halafu ukutane na mzee njiani ukose la kumwamkia. Sasa ninakisoma kwa kuanzia nyuma. Nashika swali langu la kazini, nafungua faharasa, naenda ukurasa ule tu, basi. Kurasa za dagaa zimeshaanza kuchakaa. Za ramani bado zinanukia kiwandani.

R yenyewe nimeipenda kwa sababu moja ya kimaskini, ni ya bure. Ile programu ya zamani pale ofisini leseni yake iliisha, na kila mmoja anasema mwingine ndiye wa kulipia. Lakini hebu niambie, kule Nyuzilandi kuna nini? R ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman kule Auckland, na ggplot2, nyongeza yake ya kuchorea grafu ninayohangaika nayo, ni ya Hadley Wickham, naye wa huko huko. Nchi yenye kondoo wengi kuliko watu! Labda usiku hawana la kufanya.

Sasa nikupe kilichonikesha na kitabu hiki.

Unaikumbuka grafu ya dagaa iliyobandikwa ukutani, karibu na kabati? Ule mstari wa bluu, unapanda taratibu, unashuka taratibu, mwaka mzima hadi mwisho wa karatasi. Wageni wote huonyeshwa. Mama Kulwa, mwanika dagaa, alikuja kufuatilia leseni yake ya biashara, akaambiwa asubiri, unajua kusubiri kwa pale. Akasimama mbele ya ile grafu. Akafuata mstari kwa kidole, kucha yake ina rangi ya moshi, akafika mahali akasimama, akasoma tarehe chini. Akaniita. "Mage, siku hizi hapa nani alikuwa anavua?" Nikamwambia ni wavuvi wetu, hii ni jumla ya mialo, yaani kote mitumbwi inakoshusha samaki. Akanitazama kama anavyomtazama Kulwa akidanganya. "Hapa mbalamwezi ilikuwa imewaka kama mchana. Mitumbwi yote juu, wanaume wanashona nyavu, sisi vichanja vitupu. Hawa dagaa wenu wa kwenye karatasi mliwaanika wapi?"

Dafroza, ile grafu imekaa ukutani tangu sijaajiriwa. Imepita mikononi mwa watu wenye shahada.

Wewe dagaa unawajua, lakini hebu nikuandikie nijisikie mwenyewe. Wanavuliwa usiku wa giza kwa taa. Zamani karabai, siku hizi taa za betri na za sola. Mwezi ukijaa taa inakosa nguvu, dagaa hawakusanyiki, watu wanapumzika. Siku hizo karani wa mwalo haandiki kitu. Haandiki sifuri wala hapigi kistari, siku yenyewe haimo kwenye daftari lake. Kwa hiyo programu inachukua siku ya mwisho ya giza na siku ya kwanza baada ya mbalamwezi, inavuta mstari katikati, na kwenye karatasi inaonekana mzigo uliendelea kushuka kila asubuhi.

Kitabu chako kina sentensi moja juu ya hili, chini kabisa ya maelezo ya geom_line, amri ya kuchora mstari, kwa herufi ndogo. Kama safu mlalo ya siku ipo lakini kiasi chake ni tupu, yaani NA, mstari unakatika. Kama safu haipo kabisa, R haina habari kwamba kuna kilichokosekana, inaunganisha tu. Dawa yake iko kwenye tidyr, nyongeza nyingine ya R ya kupanga data, amri ya complete: unaipa tarehe zote za mwaka, inaziongeza zile zisizokuwemo na kuacha kiasi kitupu. Nilipoiendesha na kuchora upya, ule mstari laini ukawa vipande vipande, kila mwezi kipande na nafasi. Nikambandikia mkuu wetu, Mzee wa Duara. Akasema, "Binti, grafu yako ina mapengo." Nikamwambia ziwa ndilo lenye mapengo, mkuu. Hajacheka.

Lakini hapo ndipo shida ilipoanzia, na hapo kitabu hakina ukurasa. Pengo ni sifuri au ni tupu? Usiku ambao mitumbwi haikuingia majini, mavuno ni sifuri ya kweli. Siku ambayo karani alikuwa msibani na mitumbwi ilivua kama kawaida, hatujui lolote, hiyo ndiyo tupu. Kwenye daftari, zote mbili ni kimya kile kile. Ukijaza sifuri kote unawafukarisha watu waliouza. Ukiacha tupu kote, wastani wa siku unapanda, kwa sababu unahesabu siku za neema peke yake, halafu mtu wa Dodoma anasoma kwamba mwanika dagaa wa Mwanza ana kipato cha kila siku. Mimi nimeona hakuna ujanja wa kompyuta hapa. Nimekuwa nikishuka mwaloni na orodha ya tarehe, nauliza tarehe baada ya tarehe. Wanawake wanakumbuka kuliko daftari. "Hiyo ni siku aliyozikwa babu yake Masanja, mitumbwi ilitoka." Naandika: tupu. "Hiyo mbalamwezi." Sifuri. Wenzangu ofisini wanadhani naenda kununua sato.

Nilipopata hizo ndipo nikajaribu kitu kingine ambacho ningependa ukione kwa macho yako. Ripoti zetu zote zinatoa wastani kwa mwezi wa kalenda, Januari, Februari, hivyo. Mbalamwezi haina habari na Januari. Mzunguko wake ni siku 29 na nusu, kwa hiyo inasogea, ndiyo sababu ile ile Ramadhani inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Ukikusanya miaka kadhaa kwa kalenda, giza na mwanga vinachanganyika na grafu inanyooka kama barabara. Basi nikachukua tarehe 6 Januari 2000, ambayo ilikuwa ya mwezi mpya, nikahesabu siku tangu hapo hadi kila tarehe ya daftari, nikagawa kwa 29.53 nikabakiza baki. R ina alama yake kwa hilo, asilimia mbili zikifuatana. Baki ndiyo umri wa mwezi. Nikaiweka mhimili wa chini, kilo kwenye mhimili wa kusimama, kila siku nukta moja, nukta zenyewe nimezififisha ili zinapolaliana paonekane peusi zaidi. Mwenzangu! Pande mbili vilima, katikati bonde, na chini ya bonde nukta zimelala kwenye sifuri. Nilimwonyesha Mama Kulwa kwenye simu. Akasema, "Sasa hii ndiyo kazi," akaendelea kupepeta.

Kuna kero moja. Nikiongeza geom_smooth, mstari wa kulainisha unaanzia chini zaidi upande wa kushoto na kumalizia juu zaidi upande wa kulia. Haiwezekani, siku ya 0 na siku ya 29 na nusu ni giza lile lile. R haijui kwamba ncha hizo ni jirani. Nimejaribu kuizungusha kwa coord_polar, ikatoka duara zuri la kuvutia, Mzee wa Duara akafurahi kweli, lakini pale mstari unapokutana pana ngazi. Nitakuuliza chini.

Umesikia tunavyomwita sasa? Kila kitu anataka duara. Mialo yote, kila mmoja kipande chake na rangi yake, vipande vingine vyembamba huwezi kuvibandika jina. Nilimfungulia maelezo ya amri ya pie ndani ya R, yameandikwa humo humo kwamba hiyo ni njia mbaya sana ya kuonyesha data, jicho linapima urefu vizuri na maeneo vibaya. Nikamwongezea kwamba Cleveland na McGill walilifanyia utafiti wakachapisha mwaka 1984: watu wanalinganisha vizuri vitu vilivyosimama kwenye mhimili mmoja kuliko pembe. Akasema, "Hao hawajawahi kuhudhuria kikao cha halmashauri." Sikuwa na jibu, na kusema kweli hata leo sina.

La rangi nalo. Kitabu kinasema rangi ambazo ggplot2 inajichagulia zimepewa mwanga sawa ili hata moja isiizidi nyingine, na kwamba ukichapa kwa wino mweusi zinageuka kijivu kimoja. Nikataka kuona. Nikapeleka grafu ya mialo mitatu kwa yule kijana wa steshenari mwenye printa ya nyeusi na nyeupe, nyekundu, kijani na bluu zikatoka jivu tupu, hujui upi ni wa Kayenze upi ni wa Igombe. Ripoti zetu zote zinatolewa kopi, kumbuka. Sasa natumia scale_colour_viridis_d, inashuka kutoka zambarau nzito hadi njano, kopi inasomeka. Ila ile njano ya mwisho kwenye karatasi nyeupe haionekani, lazima uikate kidogo kwa end = 0.85. Hilo kitabu hakikusema, ongezea kwa kalamu kwenye nakala yako.

Shija anajifunza pembeni yangu. Anaweka alama ya kujumlisha mwanzoni mwa mstari badala ya mwishoni, R inachora nusu kisha inamgombeza, naye anaigombeza kwa Kisukuma. Hapendi kuambiwa. Namwacha.

Ombi sasa. Bando langu na pakeji za R, yaani zile nyongeza zake, haviwezani. Huko chuoni Morogoro mna intaneti ya kweli, nishushie patchwork ya kupanga grafu kadhaa kwenye ukurasa mmoja, na sf ya ramani, nataka kuiweka kila mwalo mahali pake ufukweni. Ziwe za Windows, zilizokwisha kutengenezwa, za R 4.4, maana za toleo jingine zinanigomea. Na usiniletee mbili hizo kavu, kila moja ina ndugu zake inaowategemea, shusha ukoo wote. Weka kwenye flashi mpe Sospeter akirudi. Flashi nitairudisha, hiyo siyo kanga.

Kikao ni mwezi ujao na nataka ile ya ukutani ishuke siku hiyo. Mzee hajakubali. Hajakataa pia, anasema tuweke zote mbili, ya zamani kwa ajili ya wageni. Wageni gani hao wanaohitaji dagaa wa mbalamwezi, mimi

umeme umekatika, namalizia kwa betri.

Niambie: kuna namna ya kulazimisha ncha za mstari wa kulainisha zikutane? Nimesikia pakeji ya mgcv ina kitu cha mzunguko na imo tayari ndani ya R, lakini ndani ya geom_smooth inaandikwaje? Na zile siku za msibani, wewe ungeziacha tupu au ungekadiria kwa siku za jirani? Mzee atauliza, nataka jibu lako siyo langu. Hivi kitabu kina toleo la kwenye simu? Ulikinunua bei gani, na usinidanganye. Yule bwana wa takwimu bado anakutumia salamu kupitia wanafunzi? Unakuja lini? Daraja la Busisi limeshafunguliwa, Sengerema kwa shangazi siku hizi hakuna cha kungoja kivuko, huna kisingizio. Na Mama anauliza tena kuhusu kunenepa, nimjibu nini?

Wako,
Mage

Sospeter anasafiri Alhamisi, kama flashi haitakuwa tayari mpe hata hayo majibu kwenye karatasi.